Barua ya wazi kwa wenye mifumo ya serikali: anzeni na msiba

Kwa Waziri mwenye dhamana ya Utumishi na Utawala Bora, kwa Mamlaka ya Serikali Mtandao, kwa wakubwa wa TAMISEMI, na kwa Mkuu wetu wa Mkoa wa Kigoma.

Shikamooni waheshimiwa. Nawaandikia kutoka Mwanga, Kigoma mjini, nina steshenari, kompyuta, printa, mashine ya fotokopi na bando ninalonunua mwenyewe, na huku kwetu mtu akiambiwa ofisini "nenda kaombe onlaini" anakuja kwetu sisi wa steshenari. Kwahiyo nayaona mengi. Namuona aliyejifungua, aliyefiwa, aliyemaliza fomu siksi, anayetaka kufungua duka la mawese na dagaa, mstaafu anayefuatilia mafao, wote wanakaa kwenye benchi lilelile wanasubiri zamu.

Ombi langu naliweka hapa juu ili asiyefika mwisho awe ameliona. Naomba huduma za serikali za mtandaoni zipangwe kwa kufuata yanayomkuta mtu maishani, yaani mtu aingie na jambo lake, "nimefiwa", "nimepata mtoto", "naanza biashara", alafu serikali yenyewe ijue huko ndani ni taasisi gani zinahusika na zimalizane zenyewe. Sasa hivi kila taasisi ina mfumo wake, akaunti yake, paswedi yake, fomu yake inayouliza jina la baba na jina la mama upya, na ni mwananchi ndo anatakiwa ajue kwamba hili ni la RITA wa vizazi na vifo, hili la NIDA wa vitambulisho, hili la TRA wa kodi, hili la BRELA wa majina ya biashara, hili la halmashauri, hili la mahakama. Naomba pia muanze na jambo moja tu, msilete yote kwa wakati mmoja, na hilo moja liwe msiba. Nitaeleza kwanini.

Mama mmoja alikuja kwangu, sitaji jina wala kijiji, anatoka vijiji vya kusini huko kando ya Ziwa Tanganyika ambako watu wengi bado wanasafiri kwa boti. Mumewe alifariki. Marehemu alikuwa dereva wa kampuni, alichangia mfuko wa hifadhi ya jamii miaka kadhaa, akaacha shamba la michikichi, pikipiki, hela kidogo benki, hela nyingine kwenye simu, na watoto wanne. Kwa maneno mengine ni familia ya kawaida kabisa, hakuna utajiri hapo wa kugombania.

Sasa fuateni njia aliyopita. Mume alifia nyumbani, kwahiyo hakukuwa na karatasi ya hospitali, akaanza kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji kupata barua. Na barua hizo ndo akaja mjini tumwombee cheti cha kifo mtandaoni, kwa hiyo tukafungua akaunti, inataka imeili, mama hana imeili, tukamtengenezea, inataka namba ya simu inayopatikana, yake ni kitochi kinachoshinda kimezimwa kwa sababu ya chaji. Tukaskani barua, tukapakia, ikatoka kontroo namba ya kulipia, akalipa. Cheti kikapatikana baada ya muda, mtu akakifuata wilayani. Na cheti mkononi ndo mnaanza kikao cha ukoo, muhtasari uandikwe na usainiwe, muende mahakama ya mwanzo kufungua mirathi, tangazo libandikwe, msubiri, muitwe, msimamizi wa mirathi ateuliwe, apewe fomu yake. Alafu sasa na ile fomu ndo safari zinaanza upya, benki kivyake, mfuko wa hifadhi kivyake, kampuni ya simu kivyake, kadi ya pikipiki kivyake, shamba kivyake. Kila mahali wanataka cheti cha kifo, kopi iliyothibitishwa na wakili au hakimu, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote, picha, kitambulisho cha msimamizi.

Alafu kwenye moja ya hizo ofisi wakaona jina la marehemu kwenye kitambulisho ni Yusufu, kwenye karatasi za kazini kwake ni Yusuph, na kwenye cheti cha mtoto wa pili ni Yussuf. Akarudishwa. Aende kwa wakili aape kwamba hao watatu ni mtu mmoja. Ofisi ya pili ikataka kiapo kingine kwa sababu cha kwanza kiliandikwa kuelekezwa kwa ofisi ile nyingine. Cheti cha ndoa nacho, walifunga ndoa ya Kiislamu kijijini, karatasi aliyopewa na shehe ilishaliwa na mchwa, ikabidi watafutwe mashahidi.

Waheshimiwa, huyu mama yupo eda. Angetakiwa awe ndani ametulia, watu wanamletea uji, na badala yake yupo kwenye boti na mtoto mgongoni anabeba bahasha ya kaki kutoka ofisi ya serikali kwenda ofisi nyingine ya serikali. Tumemfanya mfiwa kuwa tarishi wa serikali, tena tarishi anayejilipia nauli. Taarifa ya kwamba mumewe amekufa ilishaingia serikalini siku ile cheti kilipotoka. Ni nani sasa anayefaidika kwa yeye kwenda kuirudia mbele ya kila meza?

Na yapo mambo ambayo hata hayafuatilii kwa sababu hayajui. Marehemu alikuwa na namba ya mlipa kodi, aliichukua kipindi fulani akitaka kuanza biashara. Nani atamwambia mjane kwamba hiyo nayo inatakiwa ifungwe? Jina lake lipo kwenye daftari la wapiga kura, lipo NIDA, namba yake ya simu imesajiliwa kwa alama ya kidole chake. Mtu kafa kijijini, kazikwa, watu wamekula wali wa matanga, lakini kwenye mifumo yenu bado anaishi, na huo ni mlango wa utapeli, watu wa miamala mnajua.

Nimesema tuanze na msiba kwa sababu hapo ndo mtu yupo dhaifu kuliko wakati wowote, na ndo hapo taasisi nyingi zinagusana kwa mara moja. Mkiweza kuunganisha msiba, kuunganisha harusi na biashara ni kazi ndogo.

Wenzetu wameshafanya na wala sio siri. Uingereza wana huduma inaitwa Tell Us Once, ukiandikisha kifo msajili anakupa namba, unaingia mtandaoni au unapiga simu mara moja tu, taarifa zinaenda kwenye kodi, pensheni, pasipoti, leseni ya udereva, na halmashauri ya eneo lako. Mara moja. Singapore mwaka 2018 walianzisha programu ya simu waliyoipanga kwa matukio ya maisha, wakaanza na wazazi wenye watoto wadogo, ikaja kukua na sasa inaitwa LifeSG. New Zealand nao 2016 wakaanza na SmartStart kwa ajili ya mtoto anayezaliwa. Austria tangu 2015 posho ya familia mtoto akizaliwa inaweza kuja bila mzazi kujaza fomu yoyote, kwa sababu msajili wa vizazi ameshaiambia ofisi ya kodi. Estonia, nchi ya watu kama milioni 1.3 hivi, wana mfumo wa kubadilishana taarifa unaoitwa X-Road tangu 2001, na sheria yao inakataza taasisi kujijengea kanzidata yake ya kukusanya upya kile ambacho serikali tayari inacho. Hilo la mwisho ndo nalipenda kuliko yote. Limeandikwa kwenye sheria, hawakuliacha kwenye semina.

Lakini msije mkachukua sura ya nje tu. Ujerumani walitunga sheria 2017 kwamba huduma zao zote za serikali, walizihesabu makundi 575, ziwe mtandaoni mpaka mwisho wa 2022, na wakazipanga vizuri kabisa kwa hali za maisha ya mtu, familia, kazi, ujenzi. Muda ukafika, nyingi hazikuwa tayari, na sababu kubwa ni kwamba ndani ya ofisi madaftari yalikuwa hayajaungana. Unajaza fomu nzuri kwenye skrini, huko nyuma karani anaiprinti. Kwahiyo mkituletea tovuti mpya yenye picha ya familia inacheka na vitufe vya "kuzaliwa", "kufiwa", "kustaafu", alafu ukibonyeza inakurusha kwenye mifumo ileile ya zamani inayotaka akaunti tano, mtakuwa mmetuongezea mfumo wa sita.

Na siamini kwamba mnashindwa. Mimi kila siku natumia ushahidi kwamba mnaweza. Kabla ya GePG, ule mfumo wa malipo ya serikali, kila taasisi ilikuwa na akaunti zake benki, risiti zake, foleni zake, mwaka 2017 mkaleta kontroo namba, leo mtu analipa cheti, faini, kodi ya ardhi, ada ya maombi, vyote kwa namba ya aina moja na kwa simu akiwa Kibirizi anasubiri boti. Taasisi zote ziliingia, kubwa na ndogo, kwa sababu mlisema lazima. Kwenye malipo mmetuunganishia vizuri sana na nawashukuru. Naomba lazima ileile itumike kwenye taarifa. Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 imewapa e-GA, yaani Mamlaka ya Serikali Mtandao, nguvu ya kusimamia mifumo ya taasisi za umma, na mfumo wa kuiunganisha ibadilishane taarifa mnao, tunausikia ukitajwa, GovESB. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi nayo ipo tangu 2022, kwahiyo hata lile swali la nani aone nini lina pa kushikia.

Hapo kwenye taarifa binafsi niseme kitu ambacho hamkioni mkiwa Dodoma. Paswedi za wananchi zipo kwenye madaftari ya steshenari. Mama hana imeili, natengeneza mimi, paswedi naandika mimi, na akitaka kuangalia ombi lake limefikia wapi lazima arudi kwangu. Mimi nazitunza kwa uaminifu na daftari nalifungia, lakini nchi nzima ina steshenari ngapi, na wote ni waaminifu? Kila mfumo unaoongeza akaunti yake unamsukuma mwananchi wa kijijini kumkabidhi mtu mwingine maisha yake yote, namba ya NIDA, vyeti, hukumu ya mirathi, kila kitu kipo kwenye fleshi za vijana wa mtaani. Mkipunguza idadi ya milango, mtapunguza na hatari hiyo.

Kuna jambo jingine mnalifanya vizuri na nataka mlione kama mfano wenu wa ndani. Mpango wa RITA wa watoto chini ya miaka mitano, ule ulioanzia Mbeya mwaka 2013. Mzazi anasajili mtoto kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata, cheti cha kwanza anapewa hapohapo bure, taarifa zinatumwa kwa simu. Huo ndo mpangilio ninaousema! Mliuliza mama mwenye mtoto mchanga yuko wapi, mkaona yuko kliniki, mkaipeleka huduma kliniki. Sasa fanyeni hivohivo kwa mfiwa. Mfiwa yuko wapi siku tatu za kwanza? Yuko kijijini kwake, na mtu wa serikali aliye karibu naye ni mtendaji wa kijiji na mtendaji wa kata, ambao mara nyingi wamekuja mazikoni wenyewe. Mtendaji awe na tableti au hata simu, aandike kifo pale, alama ya kidole ya mwenza au mtoto mkubwa, basi. Kutoka hapo RITA itoe cheti, NIDA waandike amefariki, TRA wafunge namba kama hana deni, mfuko wa hifadhi upate taarifa na wao ndo wamtafute mjane wamwambie mumeo alikuwa mwanachama wetu, una haki zako hizi hapa. Mirathi ibaki mahakamani, sisemi mahakama iondolewe maana ndugu wa mume tunawajua, wapo wanaosubiri tu mjane asinzie. Lakini mahakama nayo ione cheti moja kwa moja kwenye mfumo, na uteuzi wa msimamizi ukitoka uonekane benki na ardhi bila mtu kubeba kopi.

Hilo la majina lipewe uzito wake. Yusufu, Yusuph na Yussuf ni mtu mmoja, walioandika tofauti ni makarani tofauti, kila mmoja kwa alivyosikia. Liwekwe dawati moja, la kata au wilaya, mtu akishathibitisha mara moja kwamba haya majina ni yake au ya marehemu wake, uthibitisho huo uandikwe kwenye namba yake ya NIDA na kila taasisi iukubali. Kwa kazi ninayofanya, nawaambia kabisa hili peke yake lingepunguza nusu ya machozi ninayoyaona.

Nije kwenye NIDA, maana kwa mkoa wetu ni habari nyingine. Sisi ni wa mpakani. Buhigwe, Kasulu, Kibondo, Kakonko, Kagunga, kijana akienda kuomba kitambulisho anahojiwa uraia kwa undani, babu yako alizaliwa wapi, bibi yako kazikwa wapi, leta mzee anayekujua. Naelewa sababu, tumeishi na kambi za wakimbizi miaka mingi na nchi ina haki ya kujua nani ni nani. Lakini kama baba ana kitambulisho cha taifa, na mama anacho, na dada wa tumbo moja alishahojiwa akapewa, basi majibu ya huyu wa mwisho mnayo tayari kwenye mashine zenu. Kumuuliza tena kutoka mwanzo kama vile familia nzima imeingia nchini jana inauma sana, mtu anajiona mgeni kwenye kijiji alichozikiwa kitovu. Huko Estonia wangesema serikali imeshauliza, isiulize tena. Naomba kanuni hiyo ifike na kwa Waha wa mpakani, na hapa ndo ingekuwa na faida kubwa kuliko hata Dar.

Wanafunzi nitawagusa kidogo tu. Kijana anayeomba mkopo wa elimu ya juu anatakiwa cheti chake cha kuzaliwa kihakikiwe na RITA, na kama ni yatima na vyeti vya vifo vya wazazi, anaingia mfumo mmoja, analipia, anapata namba, ndo aingie mfumo wa mkopo. Cheti kimetolewa na serikali, anayeuliza kama ni cha kweli ni serikali, na anayejibu ni serikali. Mtoto wa miaka kumi na nane yatima anakaa katikati analipa. Mifumo hiyo miwili iulizane yenyewe, kijana aweke namba ya cheti tu.

Anayeanza biashara naye yuleyule, jina BRELA, namba ya kodi TRA, leseni halmashauri, na kila mmoja anataka aanze upya. Mnalijua hili, limesemwa sana, sitalirefusha.

Mmetangaza Jamii Namba, kwamba mtu awe na namba moja tangu anazaliwa. Nimefurahi. Nawaomba tu isije ikawa namba nyingine ya kuandika kwenye fomu ileile. Thamani yake itaonekana pale ambapo fomu zenyewe zitapungua. Na msisahau kwamba wengi huku wana kitochi. Ile *152*00# ya huduma za serikali inafanya kazi kwenye simu ya aina yoyote bila bando, basi "nimefiwa" iwepo pale, na mjane aweze kuangalia ombi lake lipo hatua gani kwa namba moja, kwa Kiswahili cha kawaida, meseji iseme "cheti kipo tayari, kipo ofisi ya kata" na sio "ombi lako linachakatwa".

Jambo la mwisho ni nani wa kuulizwa. Leo mjane akikwama kati ya ofisi mbili, kila moja inasema tatizo lipo kwa mwenzake, na kwa kweli wote wanasema ukweli kwa upande wao, kwa sababu hakuna ofisi hata moja iliyopewa msiba mzima. Mteueni mtu au kitengo ambacho kazi yake ni tukio lote, kutoka kifo mpaka mafao kumfikia mtegemezi, na apimwe kwa muda aliotumia mfiwa na nauli aliyotoa. Sio kwa idadi ya mifumo iliyozinduliwa.

Naomba majaribio yafanyike Kigoma. Tuna ziwa, tuna mpaka, tuna vijiji vya mbali, tuna watu wa dini zote na ndoa za kila aina, kikifanya kazi hapa kitafanya kazi popote. Mkija kupanga, msikae na wakuu wa taasisi peke yao kwenye hoteli. Kaeni na mtendaji wa kata wa kando ya ziwa, na karani wa mahakama ya mwanzo, na shehe na padri wanaofungisha ndoa na kuzika, na wajane wenyewe, na sisi wa steshenari. Mimi dirisha la mikopo likifunguliwa benchi langu linajaa kuanzia asubuhi, mnakaribishwa mkae mchana mzima muone nani anakuja na anarudishwa kwa sababu gani.

Na majibu ya barua hii, yakiwepo, naomba yabandikwe kwenye mbao za matangazo za ofisi za kata, maana ninaowasemea hawaingii mtandaoni.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwenye steshenari, Mwanga, Kigoma